Mpishano wa Mabasi na Malipo ya Dereva: Kiini cha Usafiri wa Uhakika Dar es Salaam

Mjadala kuhusu usafiri wa Dar es Salaam huishia karibu kila mara kwenye madai ya kuongezewa mabasi. Makala haya yanatetea hoja nyingine: uhakika wa safari hutegemea namna mabasi yanavyopishana, na mpishano huo hutokana kwa kiasi kikubwa na namna dereva na mwajiri wake wanavyolipwa.

Tuchukue ruti yenye mabasi 6 kwa saa. Yakipishana kwa dakika 10 sawasawa, abiria anayefika kituoni wakati wowote atasubiri wastani wa dakika 5. Mabasi hayohayo yakija kwa kupishana dakika 2, kisha 18, kisha 2 tena, wastani huo unapanda hadi dakika 8.2. Isitoshe, abiria 9 kati ya 10 watakuwa wamefika ndani ya lile pengo la dakika 18, hivyo basi la kwanza litakalotokea litajaa hadi mlangoni, na linalolifuata litapita na viti vitupu. Mkaguzi anayehesabu mabasi ataandika kuwa huduma imetolewa kikamilifu.

Mapengo hayo yana kanuni yake, ambayo watafiti Newell na Potts waliionyesha kihisabati tangu mwaka 1964. Basi lililochelewa kidogo hukuta abiria wengi zaidi kituoni. Kuwapakia kunachukua muda, nalo linazidi kuchelewa. La nyuma yake hukuta wachache na kulifikia. Kwa hiyo mabasi yakiachwa yajiendee, hayawezi kudumisha nafasi baina yao. Lazima awepo wa kuyapanga, na dereva awe na sababu ya kukubali kupangwa.

Dereva wa daladala hana sababu hiyo. Tangu watu binafsi waliporuhusiwa kubeba abiria mwaka 1983, baada ya Shirika la Usafiri Dar es Salaam (UDA) kuelemewa, msingi wa biashara hii umekuwa hesabu: tajiri anataka kiasi maalumu kila jioni, na kinachobaki baada ya mafuta ni cha dereva na konda. Ndiyo maana asubuhi gari halitoki Gongo la Mboto mpaka lijae. Likishatoka linakimbizana na la mbele ili liwahi abiria wa vituoni, na foleni ikizidi, dereva anakatisha ruti na kuwashusha watu njiani. Trafiki humwandikia faini, naye huitoa kwenye chake kisha huongeza mbio ili kuifidia. Adhabu inayoacha hesabu kama ilivyo humsukuma kwenye kosa lilelile.

Mwanafunzi hulionja jambo hili kuliko wote. Kwa kuwa nauli yake ni ya chini, konda humzuia mlangoni hata pale gari lina nafasi. Kwenye takwimu za ruti, basi limefika. Kwa mtoto anayewahi kipindi cha kwanza, halikufika. Uhakika wa huduma upimwe kwa abiria asiye na faida kubwa, kwa sababu ndiye anayeachwa kwanza.

Mwendokasi, yaani huduma ya mabasi yaendayo haraka iliyoanza kutolewa kati ya Kimara na Kivukoni mwezi Mei 2016, ilikuja na njia yake yenyewe na tiketi zinazokatwa kabla ya kupanda. Hayo ni mafanikio makubwa. Hata hivyo, njia ya peke yake huliepusha basi na foleni ya magari tu. Hailizuii kulifikia basi la mbele. Mlundikano wa abiria Kimara asubuhi unajulikana na kila mkazi. Nayo karakana iliyojengwa Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi, imekumbwa na mafuriko mara kwa mara. Mpango wa mpishano hauna maana siku ambayo magari yamezingirwa na maji.

Wapo watakaosema kwamba magari ni machache mno kuweza kupangwa. Ni kweli kwamba upungufu mkubwa hauzibwi kwa ratiba. Lakini magari yakiwa machache, ndipo mawili kufuatana linapokuwa kosa la gharama zaidi. Pingamizi zito ni lile la malipo: asiyetegemea abiria anaweza kulegea. Santiago ilijifunza hilo mwaka 2007, pale kampuni zilipohakikishiwa mapato na mabasi ya kutosha yasitoke. London ilichukua njia ya kati kuanzia mwaka 2001: kampuni hulipwa kwa kuendesha ruti, kisha huongezwa au kukatwa malipo kulingana na muda ambao abiria amesubiri kupita kiwango kilichopangwa.

Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) na Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka wanaweza kuanzia hapo. Mikataba ya mwendokasi ilipe kilomita zilizoendeshwa na mpishano uliotunzwa, na vipimo vyake vitangazwe hadharani. Kwa daladala, leseni ya ruti ipewe ushirika wa wamiliki wanaogawana mapato ya ruti nzima na kuwalipa madereva mshahara. Litaulizwa swali: ni nani atakayebeba gharama? Abiria anaibeba tayari, kwa saa anazopoteza na nauli ya bodaboda anayoikimbilia akiona amechelewa. Sera nzuri ingeihamishia gharama hiyo kwa yule mwenye uwezo wa kuipunguza.