Ngome Kongwe: Kiwanja cha Bibi Zetu

Wengi wetu tunaijua Ngome Kongwe ya Forodhani, Unguja, kwa muziki. Tangu 2004 tamasha la Sauti za Busara limekuwa likiujaza ua wake, hata mchiriku wa Jagwa Music wa Dar es Salaam, ambao wageni huufananisha na panki.

Lakini ua huo uliwahi kuwa wetu wanawake. Waarabu wa Omani waliijenga ngome baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Baadaye ikawa gereza. Miaka ya 1940 ikatengenezwa upya, na uani pakawekwa kiwanja cha tenisi cha wanawake. Katika mji wa buibui, kuta zile ndefu zilikuwa stara: ndani yake mtu angeweza kukimbia na kucheka bila kutazamwa na wapita njia.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 kiwanja kikaachwa. Miaka ya 1990 pakajengwa ukumbi wa wazi wa maonyesho.

Bibi harusi, kabla hujaenda kupiga picha pale, kaa na bi mkubwa wenu umuulize habari za kiwanja kile. Usichelewe, wanaokikumbuka wanapungua.