Juu gani tetrasikilini ilishindwa Goma mwaka 1994

Wandugu, ukisema Mugunga, wengi wanafikiria barabara ya Goma–Sake na kambi za wakimbizi. Mimi nafikiria pia mikrobe moja, Vibrio cholerae.

Mwezi wa saba 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walivuka mpaka kwa siku chache tu. Walikuta mawe ya volkano, pahali kuchimba choo ni kazi kweli kweli, wakachota maji ya Ziwa Kivu. Katika mwezi wa kwanza watu karibu 50 000 walikufa, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Maabara ilionyesha kama kile kipindupindu hakikusikia tetrasikilini wala doksisiklini.

Tanzania ilishaona mambo hayo. Epidemia ya 1977 ilipoanza, tetrasikilini iliua mikrobe vizuri. Basi ikagawiwa kwa wingi, hata kwa watu wazima ili wasiugue. Nyuma ya miezi 5, mikrobe 76 kwa 100 zilikuwa zinaipinga. Mhalu, Mmari na Ijumba walichapisha hayo katika Lancet mwaka 1979.

Inakuwaje? Mikrobe zingine ziko na pompe ndogo kwenye ngozi yao: dawa ikiingia, inatupwa inje. Zingine zinakata dawa vipande, ao zinabadilisha pahali dawa inashika. Dawa inaua zile dhaifu, zenye pompe zinabaki na kuzaana. Kwa mtu wa kilimo hiyo haiko ajabu. Lakini kuna jambo lililonishangaza: mikrobe zinapeana ile siri kupitia plasmidi, kaduara ka ADN, kama vile jirani anavyokupa mbegu ya maharagi, hata kama si wa ukoo wako. Wajaponi waligundua hiyo katika miaka ya 1950, wakichunguza Shigella, mikrobe ya kuhara damu.

Na Shigella njo iliyotutesa sisi wenyewe. Epidemia yake ilianza mashariki ya Zaire mwaka 1979, ikafika Rwanda na Burundi. Mwaka 1982 Lancet iliandika kama imeshapata nguvu ya kupinga trimetoprimu. Wakati kipindupindu kilipopungua makambini mwaka 1994, ilirudi, ikipinga karibu dawa zote za kawaida, hata asidi nalidiksiki. Ilibaki siprofloksasini, na ile wakati bei yake ilikuwa kali.