UZI: Nani alikomboa udongo wa Ukambani? Historia fupi kabla hujasema "wananchi wazembe" au "serikali imetusahau"

1/ Kila ukame ukija, na kila mafuriko yakija, huku mtandaoni tunagawanyika mara mbili. Kuna wa "serikali imetusahau" na kuna wa "wananchi wanaharibu mito halafu wanalia." Mimi nasoma sayansi ya siasa na kwetu ni Machakos, kwa hivyo hii hadithi nimeisikia darasani na pia jikoni. Sitataja mwanasiasa wala chama. Twende.

2/ Miaka ya 1930. Maafisa wa kikoloni wanaandika kwamba Machakos inaisha: vilima viko uchi, makorongo kila mahali. Na ni kweli udongo ulikuwa unaenda. Lawama wakaiweka kwa Wakamba, ati wana ng'ombe wengi mno. Kitu ambacho hakikupewa uzito ni kwamba ardhi nzuri kama ya vilima vya Mua ilikuwa imepewa walowezi, na malisho ya Yatta yakawekewa vizuizi. Ukibana watu na mifugo yao mahali padogo, udongo utachoka tu.

3/ 1938 serikali ikaanza kunyakua ng'ombe kwa nguvu ili kupunguza mifugo. Wakati huo huo, kiwanda cha nyama kilikuwa kimejengwa Athi River na kilihitaji ng'ombe wa bei ya chini. Maelfu ya Wakamba, wanaume, wanawake na watoto, walienda Nairobi kumwona gavana na wakapiga kambi huko kwa wiki kadhaa. Kiongozi wao akahamishiwa Lamu kwa lazima. Lakini mwaka haukuisha kabla serikali haijaachana na mpango huo. "Uhifadhi" ukashindwa kwa sababu wenye ardhi hawakuulizwa.

4/ Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakarudi na mbinu nyingine: matuta kwa lazima. Chifu anaita, unatoka kuchimba, ukikataa kuna faini. Wengi waliochimba walikuwa wanawake, maana wanaume walikuwa wameenda kutafuta kazi mijini na kwa mashamba ya walowezi. Huko Murang'a, 1947 na 1948, wanawake walikataa kabisa. Jembe lililokuwa la chakula likawa alama ya ukoloni.

5/ Sasa hapa ndipo mambo yanabadilika. Miaka ya 1950 huko Machakos kazi ilianza kupitia mwethya, yaani utaratibu wa zamani wa Wakamba wa kusaidiana: leo shamba langu, kesho lako. Vikundi vikachagua viongozi wao, wengi wanawake. Na 1954 wakulima Waafrika wa Machakos wakaanza kuruhusiwa kupanda kahawa, lakini kwa shamba lililo na matuta. Ghafla tuta lina faida kwa anayelichimba. Watu walichimba.

6/ Kwa wale hawajawahi kuona: kuna tuta linaitwa "fanya juu." Unachimba mtaro kando ya mteremko, udongo unautupa upande wa juu. Mvua na jembe vinasukuma udongo hadi kwa hilo tuta, na baada ya misimu kadhaa shamba linakuwa kama ngazi. Hilo jina la Kiswahili liko hadi kwa vitabu vya kilimo vya Kiingereza.

7/ Uhuru ulipofika, matuta mengi yaliachwa kwanza. Yalinuka ukoloni. Halafu watu wakayarudia wenyewe, na miaka ya 1970 na 1980 yakaenea sana. Pesa za wafadhili zilisaidia, ndio, lakini sehemu kubwa ilikuwa jasho na akiba ya familia. Wilaya ya Machakos ilikuwa na watu kama 240,000 mwaka 1932. Mwaka 1989 walikuwa karibu milioni 1.4. Watafiti waliolinganisha picha za zamani na za wakati huo walikuta mmomonyoko umepungua na miti imeongezeka, ingawa watu waliongezeka zaidi ya mara tano.

8/ Tusiipambe sana lakini. Waliofaidika zaidi ni wenye hati ya ardhi, wenye mtu anayetuma mshahara kutoka Nairobi, na wanaoishi kwa vilima vyenye mvua. Wa nyanda kavu na wasio na shamba walibaki nyuma. "Jamii" si mtu mmoja, usidanganywe.

9/ Baada ya matuta, mito. Ukambani mito mingi ni ya msimu. Kikundi kinajenga ukuta wa mawe na saruji juu ya mwamba, ndani ya mto. Mafuriko yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanabaki katikati ya punje mahali jua haliyafikii vizuri. Wakati wa kiangazi unachimba kidogo, unateka. Mchanga ndio tangi.

10/ Susu wangu (ndivyo tunaita nyanya) alibeba mawe ya ukuta kama huo na kikundi chake. Desemba nilienda nyumbani nikakuta ukuta umesimama na nyuma yake hakuna kitu. Lori zilikuja usiku, wiki baada ya wiki, zikachota mchanga wote. Wamama walienda ofisi moja kuripoti, wakaulizwa, "Nyinyi ni nani kisheria?" Sasa susu anatembea mbali kuteka maji, na ana zaidi ya miaka 70.

11/ Sheria inasema nini? Katiba ya 2010, kifungu cha 69, inaitaka serikali kuhimiza ushiriki wa wananchi katika kutunza mazingira. Sheria ya Maji ya 2002, na ya 2016 iliyochukua nafasi yake, zinatambua jumuiya za watumiaji wa rasilimali za maji. Kazi yao ni kushirikiana na kutatua mizozo. Kusimamisha lori si kazi waliyopewa.

12/ Kwa hivyo huu ubishi wa "serikali au wananchi" unakosea swali. Wananchi wameshafanya kazi, miaka 70 sasa. Tumewagatulia kazi lakini uwezo wa kuilinda umebaki ofisini. 1938 watu waliamuliwa bila kuulizwa. Leo wanaulizwa, wanapigwa picha na miche, halafu uamuzi unafanyika kwingine.

13/ Mtu akija kwenu na ahadi ya miche au bwawa, muulizeni: Nani alichagua mahali? Nani anamiliki kikishajengwa? Na lori ikija usiku, kikundi kina nguvu gani? La tatu ndilo susu alitaka nimwulizie.

14/ Kwenu mto uko aje? Andikeni hapa chini. Mkiona nimekosea mahali, nirekebisheni bila matusi.