Kiatu Kwenye Ngazi

Mwaka wangu wa kwanza wa masomo Marekani nilialikwa kwenye sherehe katika nyumba ya fraterniti. Fraterniti ni chama cha wanafunzi wa kiume: huitana ndugu, hujipa jina la herufi za Kigiriki, na wengi huishi nyumba moja. Nilisimama karibu na ngazi, soda mkononi. Kijana niliyesoma naye darasa moja alipita akiwa amemshika binti kiunoni. Binti hakuwa akitembea, alikuwa akikokotwa. Kiatu kimoja kikamtoka mguuni, wala hakugeuka. Kijana alinikonyeza, wakapanda juu.

Nilikiokota kile kiatu, nikakiegesha ukutani ili mtu asijikwae. Basi. Moyoni nilijiambia maneno niliyokua nayo Tanga: ya Ngoswe mwachie Ngoswe.

Hadi leo sijui kilichotokea chumbani. Kwa muda mrefu nilitumia kutojua kwangu kama utetezi. Kisha nikaanza kusoma, nikagundua kwamba ukimya wangu una historia.

Alfajiri ya 13 Machi 1964, Kitty Genovese, mwanamke wa miaka 28, alichomwa kisu na kubakwa karibu na nyumba yake mtaa wa Kew Gardens, New York. Wiki mbili baadaye gazeti la New York Times liliandika kwamba watu 38 walitazama, na hakuna aliyewapigia polisi wakati akishambuliwa. Habari ile ilitiwa chumvi. Walioona hasa walikuwa wachache, na jirani yake, Sophia Farrar, alishuka akampakata mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Lakini ni ile namba 38 iliyobaki vichwani mwa watu.

Wanasaikolojia John Darley na Bibb Latané waliamua kulipima jambo hilo. Katika jaribio walilolichapisha mwaka 1968, mwanafunzi alikaa chumbani peke yake, akizungumza na wenzake kupitia kipaza sauti. Ghafla akasikia mmoja wao akianza kama kupatwa na kifafa. Waliodhani ni wao tu wanaosikia, asilimia 85 walitoka kuomba msaada kabla sauti haijakatika. Waliodhani kuna wengine wanne wanaosikia, ni asilimia 31 tu. Waliobaki vitini hawakuwa na roho ngumu. Wengine mikono ilikuwa ikiwatetemeka. Kila mmoja alimsubiri mwenzake.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Pale kwenye ngazi tulikuwa watu kama ishirini.

Wakati huo vyuo vilikuwa bado vikiwahubiria wasichana: usitembee usiku, beba filimbi. Mwaka 1987 Mary Koss na wenzake walichapisha utafiti wa wanafunzi 6,159 katika vyuo 32. Zaidi ya mwanamke mmoja kati ya wanne alieleza kwamba tangu afikishe miaka 14 amewahi kubakwa au kukoswakoswa. Wengi wa waliobakwa walimfahamu aliyewabaka. Filimbi ingemsaidia nini mtu aliyeingia sherehe akiwa na rafiki?

Na sherehe zenyewe zilikuwa na mwenyewe. Vyama vikubwa vya wanafunzi wa kike, sororiti, hukataza pombe katika nyumba zao. Kwa hiyo watu hunywa kwa wanaume, ambao ndio wenye mlango, wenye chupa na wenye vyumba vya ghorofani. Mwaka 1990 mwanaanthropolojia Peggy Reeves Sanday alitoa kitabu kuhusu ubakaji wa kundi katika nyumba za fraterniti, akaonyesha jinsi undugu ule unavyoweza kugeuka ngao ya mkosaji.

Mwaka 1993, katika Chuo Kikuu cha Northeastern, Boston, Jackson Katz alishiriki kuanzisha programu ya MVP kwa wanamichezo wa kiume. Hakuwaita wakosaji. Aliwaita marafiki wa wakosaji na marafiki wa waathirika, kisha akawauliza: ukiona hivi, utafanya nini? Mafunzo ya namna hiyo yalienea vyuoni, yakafika kwenye fraterniti, na sheria ya mwaka 2013 ikavitaka vyuo viwafundishe wanafunzi na wafanyakazi wapya namna salama ya kuingilia kati.

Usiku wa 18 Januari 2015, nje ya nyumba ya fraterniti katika Chuo Kikuu cha Stanford, wanafunzi wawili kutoka Sweden waliokuwa wakipita kwa baiskeli walimwona mwanamume juu ya mwanamke asiyetikisika. Wangeweza kusema ni wapenzi. Walisimama, wakauliza. Mwanamume akakimbia, wakamkamata. Chanel Miller, mwanamke yule, alieleza katika tamko lake mahakamani kwamba alichora baiskeli mbili, akazibandika juu ya kitanda chake.

Sisemi mafunzo haya ni dawa ya kila kitu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Campbell Collaboration mwaka 2019 yalikuta kwamba waliofundishwa huingilia kati zaidi, lakini hayakukuta ushahidi kwamba wao wenyewe hupunguza kutenda ukatili. Anayebaka bado anabaka kwa uamuzi wake, na anayeshika funguo za vyumba vya juu bado anazishika. Shahidi hawezi kubebeshwa mzigo wote.

Ila mzigo wangu naujua. Nyumbani mtu akipiga yowe la mwizi, mtaa mzima unatoka, hata kwa simu ya elfu hamsini. Sisi sio watu tusioingilia mambo ya wenzetu. Tunachagua.

Mwaka wa pili nilihudhuria mafunzo hayo. Mwalimu alisema si lazima upigane wala uhubiri. Tafuta kisingizio kidogo tu cha kuwasimamisha. Mwagia mtu maji. Uliza choo kiko wapi. Wenzangu walicheka. Mimi nilikuwa nakiona kile kiatu. Nilikuwa nacho mkononi, ngazi tatu tu nyuma yao. Ilikuwa inatosha kusema: dada, umeacha kiatu chako, subiri, umekuja na nani?