Kiswahili cha Visiwani katika Madhabahu za Musoma

Mji wa bandari ni mkusanyiko wa ndimi. Musoma, ulio katika mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyanza, uliwapokea Wajita kutoka Murangi na sehemu nyingine za Majita, Wakwaya na Waruri waliokuwa jirani zake, Wazanaki wa Butiama, Wakurya, Wajaluo, Wakerewe waliovuka maji kwa mitumbwi, na wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu. Kanisa lililotaka kusema na umati wa namna hiyo lilikabiliwa na swali gumu kuliko la kujenga kuta: neno lihubiriwe kwa lugha ipi?

Swali hilo lilikuwa limekwisha kuulizwa Unguja. Edward Steere alifika huko mwaka 1864 pamoja na Misheni ya Vyuo Vikuu, na waliolelewa na misheni hiyo walikuwa aghalabu watumwa waliokombolewa, Wayao, Wanyasa na wengineo, wasio na lugha moja ya mama. Kilichoweza kuwaunganisha ni Kiswahili cha mji uliowazunguka. Steere akakisoma kwa wenyeji, akachapisha kitabu cha kukifundisha mwaka 1870, na akasimamia ujenzi wa kanisa kuu la Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa. Biblia kamili ya Kiswahili ilitoka mwaka 1891, naye alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1882.

Huko Mara mambo yalianza kwa njia nyingine. Misheni zilijengwa vijijini, na kila kituo kikaishi na lugha ya jirani yake. Waadventista Wasabato walifika Majita mwaka 1909. Mapadre Weupe walifungua Nyegina mwaka 1911. Wamenoni kutoka Marekani walianza Shirati, kwa Wajaluo, mwaka 1934, kisha wakasogea Bukiroba, Mugango na Bumangi. Katekista wa kijijini alihitaji lugha ya bibi na babu. Bila hiyo asingeeleweka penye msiba wala penye ugonjwa.

Lakini watoto wa vituo hivyo walipokutana mjini, kazini na sokoni, hapakuwa na lugha ya kituo kimoja iliyowatosha wote. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuingia kwa njia ya boma, shule na biashara, na kanisa likakifuata. Tafsiri ya Muungano, iliyokamilika mwaka 1952, iliyapa madhehebu ya Kiprotestanti maandiko ya pamoja. Kwa Wakatoliki, Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliruhusu mwaka 1963 lugha za watu zitumike katika ibada mahali pa Kilatini. Katika mji wa makabila mengi, lugha ya watu wote ilikuwa Kiswahili.

Mvutano huo wa kijiji na mji unaonekana wazi katika maisha ya mtu mmoja. Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, aliingia shule ya Mwisenge mjini Musoma mwaka 1934, akabatizwa Nyegina mwaka 1943. Mwaka 1955, baada ya kuacha ualimu wa Pugu kwa ajili ya siasa, alirudi nyumbani, akamfundisha Kizanaki padre wa Maryknoll, Arthur Wille, na kutafsiri katekisimu na masomo ya Jumapili kwa lugha hiyo. Mtu ambaye baadaye angeliongoza taifa kwa Kiswahili alianza kazi ya kutafsiri dini kwa lugha ya mama yake.

Gharama ya chaguo la mji haikuwa ndogo. Bikizee wa Kijita aliyesali kwa Kiswahili aliitikia maneno aliyoyajua kwa masikio kabla ya kuyajua kwa moyo, na methali na maombolezo ya kwao vikabaki nje ya mlango wa kanisa. Ndiyo maana tangu miaka ya 2000 watafsiri waliopo Musoma wamekuwa wakiyaandika maandiko kwa Kijita, Kizanaki, Kiikizu na lugha nyingine za mkoa. Kazi hiyo haipingani na Kiswahili. Inalipa deni ambalo Kiswahili peke yake hakiwezi kulilipa.

Kuna deni la pili, nalo ni la Pwani. Imani, dhambi, rehema, sala, malaika: mhubiri wa Musoma hawezi kumaliza ibada bila maneno haya, na yote yamepita katika vinywa vya Waislamu wa mwambao kabla ya kufika madhabahuni. Jirani Mwislamu apitaye nje ya kanisa huyaelewa bila mkalimani. Nyerere alilijua deni hilo. Mwaka 1996, miaka mitatu kabla ya kufariki, zilichapishwa tenzi zake za Enjili nne na za Matendo ya Mitume. Chombo alichokitumia ni kile walichokikuza washairi wa Pate, Lamu na Mombasa kwa kumsifu Mtume na kusimulia vita vya dini. Mzanaki wa bara, Mkatoliki wa Nyegina, aliichukua bahari ya Waislamu wa Pwani akaitilia Injili, wala hakuona haja ya kuomba radhi upande wowote. Mji wa makabila na dini nyingi huhubiriwa hivyo: kwa lugha ambayo jirani naye anaidai kuwa yake.