SOMO LA HISTORIA: GAZETI LILILOITWA SAUTI YA SITI

Ndugu wanafunzi wa Kidatu, Ifakara na bonde lote la Kilombero, sogeeni karibu na redio. Mwalimu wa darasa aandike ubaoni neno moja: MHARIRI.

Mhariri ni nani? Ni mtu anayesoma habari kabla hazijapigwa chapa. Yeye huchagua ipi itoke na ipi iachwe. Jambo asilolichagua wasomaji hawalioni, hata kama limewapata watu elfu.

Zamani, kurasa za wanawake katika magazeti mengi zilieleza mapishi, mishono na malezi ya watoto. Hayo ni mambo mema. Lakini mwanamke aliyepigwa na mumewe, au mjane aliyenyang'anywa shamba, hakulikuta jambo lake humo. Watu walisema hayo ni ya nyumbani, yasitolewe nje. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Mwaka 1987 waandishi wa habari wanawake wa Tanzania waliunda chama chao, TAMWA. Aliyewaongoza mwanzoni ni Fatma Alloo. Mwaka 1988 wakaanzisha gazeti lao wenyewe, Sauti ya Siti. Leila Sheikh alikuwa mmoja wa wahariri wake. Sasa waliochagua habari za wanawake walikuwa wanawake.

Huyo Siti ni nani? Ni Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880. Alikuwa maskini, akiuza vyungu, wala hakusoma shule. Lakini aliimba taarabu kwa Kiswahili, na mwaka 1928 nyimbo zake zikatiwa katika santuri huko Bombay. Alifariki mwaka 1950. Wenye gazeti walitaka wanawake wengine nao wasikike.

Basi wakaandika juu ya kupigwa, kubakwa, mirathi na haki. Wala hawakuishia hapo. TAMWA pamoja na vyama vingine walipeleka maneno hayo redioni, magazetini na kwa wabunge. Mwaka 1998 Bunge likapitisha sheria ya makosa ya kujamiiana, yenye adhabu kali kwa mbakaji. Gazeti moja halitungi sheria. Lakini jambo lililofichwa halipati sheria.

Tujitazame na sisi. Mama wa Kilombero hulima mpunga, huamia ndege, huvuna. Gunia likiuzwa, fedha hushikwa na nani? Nani ameliandika hilo?

Kazi ya darasa:

1. Kila mmoja aandike sentensi tano juu ya jambo la wanawake wa kijiji chake. Asitaje jina la mtu.

2. Chagueni mhariri. Achague maandishi matatu ya kusomwa mbele ya darasa, naye aeleze kwa nini ameyaacha mengine.

3. Jadilianeni: katika yale yaliyoachwa, je, hakuna lililostahili kusikika?

Kwaherini, hadi somo lijalo.