Rufiji Ilipohamia Barabarani

Mwishoni mwa miaka ya sitini, mtu wa Kibiti mwenye shauri la serikali alipaswa kufika Utete, makao makuu ya wilaya ya Rufiji. Utete iko ng'ambo ya kusini ya mto Rufiji. Alikwenda mpaka Mkongo, akasubiri kivuko, na mto ukiwa umefura masika, akaendelea kusubiri. Anayekwenda Kilwa au Lindi alishika njia ya Ndundu, nako pia alikuta kivuko. Upande wote wa chini wa Rufiji haukuwa na daraja.

Magari yaliyovushwa hapo, kama mengi ya Tanzania siku hizo, yalitoka Uingereza: malori ya Bedford, Land Rover za maofisa, mabasi ya Leyland na Albion. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru, na ukarejeshwa mwaka 1968. Katika kipindi hicho chote magari yaliendelea kupita kushoto na mafundi waliendelea kufungua nati kwa spana za inchi. Aliyeshuka Dar es Salaam kutoka Rufiji alizunguka mjini kwa mabasi ya DMT, kampuni ya Waingereza iliyotaifishwa mwaka 1970. Rhodesia hiyohiyo ilivuta macho ya taifa upande wa magharibi. Zambia, ambayo njia zake zilipitia huko, sasa ilihitaji mafuta na njia nyingine ya kutolea shaba yake, kwa hiyo malori na fedha za matengenezo vikaelekezwa kwenye barabara ya Zambia. Barabara ya Kilwa ikabaki mchanga kiangazi na tope masika.

Lakini kwa watu wa delta, pale Rufiji inapoingia baharini, barabara ilikuwa jambo la mbali. Njia yao ilikuwa maji. Kutoka Nyamisati hadi Salale, Mbwera na Kiomboni, safari ilipangwa kwa kujaa na kupwa. Maji yakijaa, mtumbwi ulipenya vijito vya mikokoni moja kwa moja mpaka kijijini. Yakipwa, abiria waliokwama topeni walingoja saa kadhaa huku mbu na usubi wakiwala. Bamvua ilikuwa na shughuli zake, na maji mafu yalikuwa na zake.

Biashara kubwa ya maji hayo ilikuwa boriti. Wakataji waliingia msituni na mashoka, wakachagua mkoko, msinzi au mkandaa, wakaangusha, wakakata matawi na kusubiri maji yapande ili mtumbwi uwafikie. Miti ilipangwa kwa unene, myembamba mbali na minene mbali, kisha ikahesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Majahazi yaliipakia kwenda Unguja na Dar es Salaam. Vyombo vya Uarabuni na Ghuba navyo vilikuja na kaskazi vikiwa na tende na samaki wakavu, vikarudi na kusi vimejaa miti. Alan Villiers, baharia Mwaustralia, alikuja Rufiji mwaka 1939 na chombo cha Kuwait kilichofuata shehena hiyohiyo. Vyumba vya nyumba za kale za Lamu, Unguja na Kuwait ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti. Kwangu mimi, hilo linatosha kuwafanya wakataji wa Rufiji wastahili nafasi katika historia ya ujenzi wa Bahari ya Hindi, nafasi ambayo hawajapewa.

Kufikia miaka ya sitini biashara hiyo ilikuwa inafifia. Utajiri wa mafuta uliipa Ghuba saruji na chuma, na vyombo vilivyoshuka na kaskazi vikapungua mwaka hadi mwaka. Hata mabaki ya manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoangamia deltani Julai 1915 na kuchokolewa chuma chake kwa miongo kadhaa, yalididimia mtoni mwaka 1966.

Mwaka 1968 mto ulifurika vibaya. Mafuriko hayakuwa adui tu kwa Mrufiji. Maji yakiondoka huacha udongo mbichi wenye rutuba, na hapo hupandwa mlau, mazao ya baada ya mafuriko. Watu walikaa bondeni kwa hesabu hiyo, wakilinda mpunga dhidi ya nguruwe na ndege kutoka kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo. Serikali, ikiwa na Azimio la Arusha la 1967 mkononi, iliyaona mafuriko hayo kuwa sababu ya kuwatoa bondeni. Ndipo ikaja Operesheni Rufiji, mojawapo ya operesheni za mwanzo kabisa za kuhamishia watu katika vijiji vya ujamaa. Familia zilipandishwa nyanda za juu, karibu na barabara, shule na zahanati.

Shule na zahanati zilikuwa faida ya kweli. Gharama yake ilikuwa shamba. Udongo wa huko juu ni mchanga, unafaa korosho na muhogo kuliko mpunga, na lile bonde walilolijua kwa vizazi sasa lilikuwa mwendo mrefu. Wengi walirudi kwa msimu, wakavuka kwa mitumbwi na kulala madunguni mpaka mavuno, halafu wakapanda tena kijijini na magunia. Nadhani wapangaji walihesabu umbali wa kufika barabarani, wakasahau kuhesabu umbali wa kufika shambani.

Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003, na kungoja kivuko Ndundu kukaisha. Vijiji vya visiwa vya delta vingali vinafikiwa kwa boti, na nahodha anayetoka Nyamisati bado hutazama maji kwanza.